Baba Aliyepunguzwa kwa Msasa

Mwaka ule meli ilikaa mezani, na wenye nyumba wakala chini.

Meza yenyewe ilikuwa kubwa, ya watu wanane, kazi ya mikono ya mwenye nyumba, seremala ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Randa. Alikuwa ameachana na vitanda na makabati kwa sababu ya mgongo, lakini mikono ilikataa kustaafu. Mikono ya fundi ni kama mbuzi wa jirani: usipoifunga kwa kazi, itakula cha mtu. Basi akaifunga kwa meli. Akaichonga Mwendapole, ile meli ya abiria na mizigo iliyozama yeye akiwa bado tumboni mwa mama yake. Aliichonga nzima, tezi hadi omo, na ubavu mmoja akauacha wazi kama mkate uliokatwa, ili mtazamaji aone vyumba, ngazi, mabenchi, jiko, magunia chini, na mitambo chini zaidi.

Jina halisi la meli lilikuwa refu na la heshima. Watu waliiita Mwendapole kwa sababu, walisema, ukipanda nayo kwenda msibani utafika wenyewe wameshacheka.

Bandarini palikuwa na jiwe la kumbukumbu. Lilikuwa jiwe zuri, lililong'arishwa, limeandikwa kwamba ni la abiria na mabaharia waliopotea. Randa alilipita mara nyingi, na kila mara akajiuliza lile lile: walikaa wapi? Ndivyo alivyokuwa tangu ujana. Akiitwa nyumbani kwa mtu kutengeneza kitanda, lazima aulize nani hulala ukutani na nani hulala ukingoni, hata kama kilichovunjika ni mguu tu. Sasa kamati ya ukumbi wa mji ilikuwa imemwomba meli ya kuweka pale ukumbini siku ya kumbukumbu, nayo ilitaka meli tu. Watu aliwaongeza mwenyewe, kila mmoja mrefu kama kidole, kwa maana hakuona faida ya meli isiyo na mtu ndani.

Mara ya kwanza aliichonga ikiwa imelala upande, inazama. Mama mmoja mshona nguo, aliyepoteza kaka yake humo, alikuja kuiona. Akaitazama kidogo, akauliza hali ya mke wa fundi, akaaga. Alisahau hata mwavuli wake. Kesho yake Randa akaibandua meli yote kwenye kitako chake, akaisimamisha wima. Kuanzia hapo Mwendapole ilisafiri siku ya kawaida: maji yametulia, chai inachemka jikoni, nusu ya watu wamesinzia.

Habari zikaenea. Alasiri watu wakawa wanakuja, wanavua viatu mlangoni, wanakaa kwenye kochi na kuwapangia watu wao mahali.

"Mjomba wangu mlaze kwenye magunia," muuza nyama alisema. "Alikuwa akikata tikiti ya benchi, kisha analala kwenye magunia. Ukimweka kwenye benchi watu watasema humjui."

Mwanamke mmoja alitaka wazazi wake wawekwe mbalimbali, baba mbele, mama nyuma.

"Walikuwa hawapatani?" Randa akauliza.

"Walipatana sana. Ila baba alikuwa akiongea na kila mtu, na mama alikuwa na haya. Alikuwa akisema, 'Mimi na huyu tutajuana tukifika.'"

Mke wa Randa, aliyekuwa akileta chai, akasema kumbe hata yeye ana haki ya kusafiri nyuma. Wote wakacheka, na Randa akawachonga: baba mdomo wazi, mama amegeukia kwingine, akitabasamu kidogo.

Kati ya watu wote hao wa miti, wa kwanza kuchongwa alikuwa baba yake mwenyewe.

Randa hakuwahi kumwona. Alichokuwa nacho kilitoka kwa dada yake, aliyekuwa na umri wa miaka saba meli ilipozama. Dada alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke mrefu wa kusimama wima, ambaye mpaka leo akiingia chumbani watu huacha kuegemea ukuta. Ndiye aliyemlea Randa wakati mama akihangaika na vibarua. Ndiye aliyemwambia kwamba baba yao alikuwa fundi mitambo wa Mwendapole, na kwamba alikuwa mrefu kuliko milango yote. Mama hakuwa mtu wa kuulizwa. Ukimuuliza habari za baba alisema, "Alikuwa mtu mzuri. Maliza chakula chako."

Basi Randa akamchonga baba na kofia ya kazi, akampeleka chini kwenye mitambo. Baba akagonga kichwa. Dari ya kule chini ilikuwa fupi, na bomba moja nene lilikatiza juu yake. Randa akachukua msasa, akapunguza nyayo. Bado. Akapunguza kofia, kisha magoti. Hakuwaza mara mbili. Mbao ikikataa kuingia, fundi huipunguza. Ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyofundisha wenzake. Mwishowe baba akaingia, akasimama kando ya mtambo, mfupi wa haja, kama mtu aliyeoza miguu kwa kukaa majini.

Akakaa hivyo mpaka alipokuja Mzee Grisi.

Mzee Grisi alikuwa kikongwe mwenye mkono mmoja uliokunjamana kwa kuungua. Ujanani kazi yake ilikuwa kupaka mafuta mitambo ya Mwendapole. Mkono ulipoungua akaacha kazi, na mwaka uliofuata meli ikazama bila yeye. Alikuwa akipelekwa kila mahali na mwanawe mwenye duka la baiskeli. Siku hiyo mwanawe akamwacha kwenye kochi, akaahidi kumrudia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Iko wapi hiyo meli inayokula mezani?"

Akaletewa kiti karibu. Akaanza chini, kama mtu anayerudi nyumbani kwa kupitia mlango wa nyuma. Akaonyesha kwa kidole cha mkono mzima: hapa tulikaa, hapa tulikuwa tukikausha fulana, hapa fundi mkuu alikuwa akificha karanga zake. Kidole kikasimama.

"Huyu wa kofia ni nani?"

"Fundi mitambo," Randa akasema.

"Fundi mitambo nani? Mle tulikuwa fundi mkuu, mimi, na bwana mmoja tuliyemwita Moshi. Kofia nani angevaa? Lile joto? Na lile bomba? Ungeivaa asubuhi, mchana unaitoa kwenye gia."

"Ni baba yangu, mzee."

Mzee Grisi akachukua kikombe cha chai. Akakinywa polepole mpaka chini, na chai yenyewe ilikuwa ya moto.

"Labda alikuja baada yangu," akasema.

"Dada anasema alifanya kazi humo miaka mingi. Alikuwa mrefu sana."

"Mrefu." Mzee akairudia ile 'mrefu' kama mtu anayeonja kitu alichokijua zamani. Kisha akaanza kuulizia bei ya mbao. Akazungumza mbao mpaka mwanawe alipokuja. Mlangoni tu, akiwa ameshikwa kwapani, ndipo alipogeuka. "Mwanangu, mimi nilikuwa mtu wa chini. Mambo ya juu sikuyaona. Waulize waliokuwa wakisafiri juu."

Alipoondoka, Randa alirudi mezani, akamtoa baba kwenye mitambo kwa koleo ndogo, akamweka kiganjani. Akaona alichokifanya. Nyayo hazikuwapo. Magoti yalikuwa yamekaa mahali pa vifundo. Ameambiwa maisha yake yote kwamba baba alikuwa mrefu kuliko milango, na alipopata nafasi ya kumsimamisha mahali, amemkata ili aenee.

"Mama watoto," akaita. "Hivi mtu asipoenea chumbani, wa kupunguzwa ni mtu?"

"Inategemea," mke wake akajibu kutoka jikoni. "Mtu mwenyewe ni nani, na chumba amekipata wapi?"

Tangu siku hiyo kila aliyekuja kumpangia mtu wake mahali aliulizwa swali moja zaidi. Unamkumbuka mtu mrefu sana, mfanyakazi wa juu? Wengi hawakumkumbuka, maana wengi walihadithiwa tu. Mmoja alisema nahodha alikuwa mrefu. Mwingine alisema mrefu alikuwa babu yake, tena asitafutiwe mpinzani. Randa hakuchoka. Mke wake alisema hata alipokuwa akimchumbia hakuulizia habari zake kwa bidii namna hiyo.

Ndipo akaja Bibi Mapazia. Huyu alikuwa ameshonea mapazia nusu ya nyumba za mji ule, na sasa macho yalimruhusu kuyapiga pasi tu. Alikuja kwa ajili ya mama yake, mfanyabiashara wa vitambaa, aliyekuwa akivuka na Mwendapole kila mwezi. Likizo za shule alikuwa akimchukua na binti yake huyu, akiwa bado mdogo, isipokuwa safari ile moja.

"Mweke karibu na ngazi," alisema, "pale penye upepo. Si kwa ajili yake, ni kwa ajili yangu. Mimi nilikuwa natapika kuanzia kamba inapofunguliwa. Alikuwa ananikalisha pale ili nisimwaibishe."

Randa akaweka alama kwa penseli. Kisha akauliza swali lake.

"Mrefu?" Bibi Mapazia akaweka miwani sawa. "Mrefu namna gani?"

"Wa kuinama kila mlango."

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na yule aliinama hata pasipo uvungu." Akacheka peke yake. "Unamsema Bwana Ndoo."

Randa akakaa chini.

"Sikumjua jina lingine," akaendelea. "Kazi yake ilikuwa ndoo. Watu walikuwa wakitapika mle, mwanangu, usione hii meli yako safi hivi. Maji yakichafuka kidogo tu, benchi zima. Basi yeye alikuwa anapita na ndoo, anainama, anaosha, anarudi. Lakini kilichotushangaza watoto ni kwamba alikuwa anafika kabla. Wewe mwenyewe hujajua kama utatapika, yeye ameshasimama mbele yako."

"Alijuaje?"

"Nilimuuliza. Alisema anatazama midomo. Midomo hubadilika rangi kabla tumbo halijaamua." Akajigusa mdomo wake, bila kujua. "Na akishafika hakupi ndoo papo hapo. Anakwambia, 'Kitendawili.' Utafanyaje? Unasema, 'Tega.' Anakutegea. Sasa wewe unakitafuta, unakitafuta, na tumbo nalo linasubiri kusikia jibu. Mara nyingi ndoo ilirudi tupu."

"Unakumbuka hata kimoja?"

"'Anakula kwa mdomo, anatapika kwa mdomo uleule.'"

Randa akafikiri. "Mgonjwa?"

"Ndoo, mwanangu. Alikuwa ameishika pale pale mbele yetu na hatukuiona." Akacheka tena, akafuta macho. "Ukishindwa, alitaka mji kama kawaida. 'Nipe mji.' Na watu wakampa, maana mtu anayetapika hana choyo. Miji ya mbali, miji ya kwenye ramani ya shule. Alikuwa na miji mingi kuliko mfalme. Mimi siku moja nilikuwa nimeishiwa, nikampa mji huu."

"Huu?"

"Huu tulio nao. Akaniambia ahsante, atautunza."

Alipokwenda zake, Randa alikaa kwenye kiti muda mrefu, na uso wake, mke wake alisema baadaye, ulikuwa kama wa mtoto aliyepata kitu barabarani na haoni mwenyewe. Alikuwa amejua kitu. Baba yake alisema maneno. Maneno hayo yalikuwa na mzaha ndani. Kwa miaka yote Randa alikuwa na baba wa kofia, asiyesema, anayenuka mafuta. Sasa alikuwa na mtu.

Tatizo lilikuwa dada.

Alimwendea nyumbani kwake siku ya pili. Dada alikuwa akikunja nguo zilizoanuliwa, pembe kwa pembe, kama mashuka ya wodini. Randa akamwambia yote, tangu dari fupi hadi Bwana Ndoo. Dada hakumkatiza. Alikunja shati mpaka likawa dogo kuliko ilivyo lazima.

"Baba alikuwa fundi mitambo," akasema.

"Nani alisema, dada?"

"Mama."

"Mama alisema anafanya kazi melini. Alisema hivyo tu mpaka anakufa. Mitambo ilitoka wapi?"

"Sasa unaniita mwongo, mdogo wangu?"

"Nauliza tu."

"Wewe umezaliwa unauliza." Akaweka shati juu ya mengine. "Unajua nilipoanza shule ya uuguzi waliniuliza nini? Kila msichana alisimama, akasema baba yake nani. Mmoja wa mwalimu, mmoja wa karani. Mimi nikasema, binti wa fundi mitambo, marehemu. Wakaniheshimu. Nimekula heshima hiyo maisha yangu yote, na wewe umeila pia, maana mshahara wangu ndio uliokununulia randa yako ya kwanza. Leo nisimame ukumbini, mji mzima, watu niliowazalisha, niseme baba yangu alibeba matapishi?"

"Na wewe si umebeba mabeseni miaka yote, dada?"

"Mimi nilibeba hospitalini," dada akasema. "Nina cheti."

Randa akajikuta anataka kucheka, akajizuia, kwa maana uso wa dada haukuwa na mzaha.

"Fanya utakavyo," dada akamaliza. "Meli ni yako. Lakini ukimweka na ndoo, mimi ukumbini sitatia mguu."

Njiani Randa alitembea taratibu. Hakuwahi kumpinga dada yake, hata alipokuwa na ndevu. Na siku ya kumbukumbu bila dada ingekuwaje? Yeye alimkosa baba kabla hajamjua. Dada ndiye aliyempoteza hasa. Ikiwa mtu mmoja tu mjini ana haki ya kukaa kiti cha mbele, ni yule.

Wiki ya mwisho akachonga baba mpya. Safari hii hakumpimia chumba. Alimpimia kwa maneno tu, mrefu kuliko milango, akamwacha mti wote alioutaka. Alipomaliza, hapakuwa na mahali ndani ya Mwendapole pa kumsimamisha isipokuwa juu, kwenye sitaha wazi, kati ya mabenchi. Pale akasimama kama mlingoti. Randa akamgeuza atazame maji, mikono akaiacha mitupu, ikining'inia. Alijiambia kwamba hivyo hakuna atakayekasirika.

Mke wake akaja na kikombe, akatazama.

"Huyu amelipa nauli?"

"Ni baba."

"Baba ninamwona. Nauliza kama amelipa nauli. Mtu aliyesimama melini mikono mitupu, anatazama maji, ni abiria. Tena abiria asiye na mzigo. Mimi ningekuwa mkaguzi ningeanza naye."

Baada ya chai Randa akachonga ndoo, ndogo kama nusu ya ganda la karanga, na mshikio wa waya mwembamba. Hakumpa baba mkononi. Aliiweka sakafuni, hatua moja kutoka miguuni pake, kama kitu ambacho huenda ni cha mtu mwingine. Naye alijua ni ujanja wa woga. Kopo la gundi aliliacha limefungwa.

Siku mbili kabla ya meli kuchukuliwa, dada alikuja bila kuitwa. Alisema anapita tu, na hakuna mtu anayepita tu kwenye mtaa ule, kwa maana unaishia ukutani.

"Wifi, karibu," mke wa Randa akasema. "Umekuja kukagua wodi?"

"Nimekuja kumsalimia mdogo wangu. Wodi yenu siijui."

Lakini hakukaa. Alisimama mbele ya meli, mikono nyuma, akaanza kuitazama tangu magunia. Akacheka kidogo kwa yule mjomba wa muuza nyama. Akawatazama wale wazazi waliokaa mbalimbali. Alipofika kwenye mitambo, akaona watu watatu, hakuna kofia. Akapanda na macho, ngazi kwa ngazi, mpaka sitahani.

Randa alikuwa kando yake.

"Ndivyo alivyokuwa," dada akasema. "Mrefu hivyo."

Randa aliitazama ndoo sakafuni na kutamani kuifunika kwa kiganja.

"Yule bibi alisema anatazama nini?" dada akauliza.

"Nani?"

"Yule bibi wa mapazia. Ulisema alikuwa anajua kabla. Anatazama nini?"

"Midomo."

Dada akavuta kiti, sasa akakaa. Alikaa vibaya, kwenye ukingo, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya.

"Alikuwa akirudi nyumbani," akasema, "anainama mlangoni, anaingia. Mimi nakimbia. Ananishika kidevu, hivi, ananiinua uso, ananitazama mdomo. Kwanza. Kabla ya salamu, kabla ya kunibeba. Ananitazama mdomo, kisha ndipo anacheka. Na mama vilevile, alikuwa anamtazama mdomo. Mimi nimekuwa mtu mzima, nimeolewa, nimezaa, bado najiuliza: alikuwa anatafuta nini? Nilidhani labda nilikuwa nakula udongo na yeye amejua."

Mke wa Randa, aliyekuwa amesimama na sinia, akaliweka chini bila sauti.

"Alikuwa anaangalia kama mko wazima," Randa akasema.

"Naona hivyo." Dada akanyoosha mkono, akaurudisha, akaunyoosha tena. "Umemgeuzia wapi huyu? Kwa nini anatazama maji?"

"Nilidhani..."

"Hakuwa na shida na maji. Mgeuze."

"Mgeuze wewe, dada. Bado sijamtia gundi."

Akamshika kwa vidole viwili, vidole vilivyoshika watoto wengi wa mji ule kabla ya mama zao. Akamzungusha taratibu mpaka akatazamana na mabenchi, na wale waliosinzia, na nafasi iliyo wazi karibu na ngazi, kando ya mama wa Bibi Mapazia. Akainamisha kichwa chake mwenyewe ili aone alichokuwa akikiona yule mrefu. Kisha akaiokota ile ndoo kutoka sakafuni kwa kucha, akaitazama kwa karibu.

"Ndogo mno," akasema. "Na mshikio umeuweka kama wa kikapu. Ndoo ya kazi haishikwi hivyo. Mshikio ulale kwenye vidole, la sivyo unakata." Akairudisha kwa mdogo wake. "Tengeneza nyingine. Mkono wa kushoto. Alikuwa anatumia kushoto."

"Kushoto? Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Randa, aliyezaliwa anauliza, akaenda kutafuta waya.

Siku ya kumbukumbu ukumbi ulijaa, na dada alikaa kiti cha mbele. Hotuba zilipokwisha, watu wakaizunguka meli, kila mmoja akitafuta wake, wakioneshana kwa vidole na kusukumana kwa adabu. Daktari mmoja kijana, aliyewahi kufanya kazi chini ya dada, akainama.

"Huyu mrefu mwenye ndoo ni nani?"

Randa akamtazama dada yake. Dada akasimama wima.

"Ni baba yetu," akasema. "Alikuwa mhudumu wa afya ya abiria."

Mke wa Randa akageuka upande, akakohoa sana. Cheo cha baba kilikuwa kimepanda tena, lakini mtu aliyepandishwa alikuwa yeye mwenyewe, na ndoo yake mkononi, na urefu wake wote.

Bibi Mapazia alikuwa ameyasikia. Akajikokota mpaka kwa dada, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamtazama juu, maana dada alimzidi sana.

"Kwa hiyo wewe ndiye binti. Basi nina deni nawe, au wewe una deni nami, sijui. Safari yangu ya mwisho naye alinitegea kitendawili tukafika kabla sijakipata. Nikataka kumpa mji, akakataa. Akasema nikae nacho, atanipa jibu tukivuka tena." Akatua. "'Kila safari nakiacha kifupi, kila nikirudi nakikuta kirefu.' Nimekitafuta toka utoto. Kwenu hakukisema?"

"Hakukisema," dada akajibu.

Walirudi nyumbani kwa miguu, watatu, wakifuata barabara ya nyuma ya maghala.

"Nyasi," Randa akasema.

"Nyasi ni rahisi mno. Yule bibi angeshazipata."

"Kivuli. Asubuhi na jioni."

"Kivuli cha nani? Alikuwa anaondoka nacho." Dada alitembea haraka, kama mtu aliyeitwa wodini. "Kamba ya bandarini? Hapana. Ndevu? Ndevu nazo alikuwa anaondoka nazo."

"Mtoto," mke wa Randa akasema kutoka nyuma.

Lori likapita, wakajibanza ukutani, likaacha vumbi.

"Mtoto hakui kwa safari moja," Randa akasema.

"Wewe umelea watoto gani?" dada akamwuliza. "Mimi nilikuwa nakua upesi sana. Mama alikuwa akilalamika kila siku, nguo ikishonwa leo, kesho iko magotini." Akafuta vumbi kwenye mkono wa gauni lake. "Alikuwa akilalamika kwa baba, kila akirudi safari. Namsikia."